Baiskeli Isiyolia

Muulize kijana yeyote anayerukaruka na zile baiskeli ndogo za BMX ni nani aliyepata kutua kimya kuliko wote, atakutajia Unyoya kabla hujamaliza swali. Jina alilopewa na wazazi wake wengi hawalijui, na mwenyewe hakuwahi kulalamika. Alikuwa mtu mwembamba, mrefu wa mikono, mwenye jino moja la bandia mbele na goti la kulia lililoshonwa na kushonwa tena. Aliweza kuruka ngazi za jengo zima akatua chini usisikie kitu: si kishindo, si cheni, wala ile tiki-tiki ya gurudumu la nyuma anayoijua kila mwenye baiskeli. Waliomwona kwa mara ya kwanza walichelewa kupiga makofi, maana masikio yao yalikuwa bado yanamsubiri atue.

Wajuzi waliandika mengi kuhusu staili hiyo. Wako waliosema ni falsafa, wako waliosema ni ufundi wa kupumua, na mmoja, Mungu amsamehe, alijaza kurasa kueleza kwamba ni heshima kwa ardhi. Mashabiki walisema debe tupu haliachi kuvuma, na huyu wetu amejaa. Unyoya mwenyewe akiulizwa alikuwa na jibu moja miaka yote: "Nilikuwa na mgonjwa ndani." Waandishi wakacheka, wakaandika kwamba jamaa ni mcheshi.

Hakuwa akitania hata kidogo. Mgonjwa alikuwepo, na alikuwa baba yake. Unyoya alishinda vikombe, akapanda ndege, akatia sahihi kofia za watoto wa watu, lakini kitu alichokitaka kuliko vyote hivyo kilikuwa kimoja: kuhakikishiwa kwamba baba yake, kabla hajafa, alijua mwanawe yuko nje ya ukuta ule, juu ya baiskeli, akinyamaza kwa ajili yake. Aliamini kwamba alijua. Imani hiyo ndiyo iliyomtoa kitandani kila asubuhi hata mifupa ilipokuwa haitaki.

Baba yake alikuwa fundi baiskeli, na mtaa mzima ulimwita Fundi tu, utadhani hakuna fundi mwingine duniani. Alikuwa na banda la mabati mbele ya nyumba, lenye makopo ya gololi, magurudumu yaliyoning'inia darini na kigoda kimoja kilicholowa grisi kiasi kwamba wateja waliona heri wasimame. Alitibu baiskeli kwa sikio. Ukimletea ya kwako, alikunyamazisha kwanza, kisha akaipindua matairi juu, akazungusha pedali na kufumba macho. Wengine walisema anajifanya. Lakini akishafumbua macho alikwenda moja kwa moja kwenye gololi iliyopasuka, akaitoa na kukuwekea kiganjani. "Sikiliza kwanza, spana baadaye," alimwambia mwanawe. Na usemi wake mwingine, aliousema mpaka watu wakauchoka, ulikuwa huu: "Baiskeli isiyolia ni ya kutundika."

Baiskeli ya kwanza ya mtoto aliiunda mwenyewe kutokana na maiti za baiskeli tatu: fremu ya hii, magurudumu madogo ya ile, usukani wa ile nyingine. Ilipofika zamu ya friwili, kile chuma chenye meno cha gurudumu la nyuma kinacholia ukiacha kukanyaga pedali, alimwaga kopo zima mezani. Akazizungusha zote, moja baada ya nyingine, akachagua iliyokuwa na kelele kuliko wenzake.

"Mume wangu, hiyo si itatutoboa masikio?" mama akauliza.

"Ndiyo nimeitaka," Fundi akajibu. "Nikiwa nimeinama hapa kazini, nijue mwanangu yuko wapi."

Na kweli alijua. Alikuwa akikaza mnyororo wa mtu huku midomo inamcheza: sasa yuko dukani, sasa anakata kona, sasa anarudi. Mteja akimwongelesha wakati huo alijibiwa ovyo. Mtoto akitokea mbele ya banda, vumbi mpaka kwenye nyusi, Fundi hakuinua kichwa. Alisema tu, "Kwenye kona umechelewa kidogo leo," na mtoto akaona baba yake ni mchawi.

Fundi alipoanguka, gurudumu alilokuwa akilinyoosha liliendelea kuzunguka kwenye chuma chake. Mtoto ndiye aliyelisimamisha. Kiharusi kilichukua upande wote wa kulia na kikachukua na sauti. Walichomrudishia kutoka hospitali ni jicho moja linaloona vizuri, mkono wa kushoto, na masikio. Masikio hayakuguswa.

Daktari alimpa mama neno moja la kubeba: utulivu. Mama alikuwa mfuaji wa mashuka katika hospitali hiyohiyo, na daktari kwake alikuwa mtu wa kusikilizwa, basi neno lile likawa sheria ya nyumba. Redio ikafungiwa kabatini. Bawaba za milango zikatiwa mafuta. Majirani wakaombwa wasitwange chochote upande ule. Watu wakatembea na soksi kama wezi. Baiskeli ikatundikwa kwenye msumari wa banda, na mama akatoa onyo lake: "Nikiikuta chini, naiuza kwa wanaopima vyuma kwa kilo. Baba yako anahitaji kupumzika, si kelele zako."

Asubuhi mama alikwenda kazini, akarudi jioni mikono imekunjamana kwa sabuni. Saa za shule jirani alimwangalia mgonjwa; kuanzia hapo hadi mama arudi, aliachiwa mtoto. Alimpa maji kwa kijiko, akamfuta kidevu, akamgeuza. Halafu alibaki hana la kufanya, na miguu ilikuwa ikimwasha. Angeweza kuishusha baiskeli na kwenda nayo mbali, lakini kumwacha baba peke yake hakuthubutu. Nyuma ya nyumba kulikuwa na ua wa saruji, sakafu ya stoo iliyobomolewa zamani, na kidaraja cha kupandia, kimo chake kama goti. Ukuta wa ua huo ndio uliokuwa ukuta wa chumba cha mgonjwa. Kitanda chake cha chuma kiliuegemea kwa ndani, chini ya dirisha dogo la wavu lililokuwa juu sana kwa mtu aliyelala kuweza kuchungulia.

Ndipo likamjia wazo ambalo kwa mtoto lilikuwa wazo la upendo mtupu. Kama ubaya ni kelele, basi kelele ziondoke, baiskeli ibaki. Ataendesha palepale, hatua mbili kutoka kwa baba yake, na baba hatasumbuliwa. Mama hatajua, na asiyejua hagombi.

Kwanza alifungua friwili. Ndani yake mna vijino viwili vya chuma vilivyokalia springi ndogo, na hivyo ndivyo vinavyopiga tiki-tiki. Akavishindilia grisi kutoka kwenye kopo la baba yake mpaka sauti ikafa. Kisha akatoa breki, kwa sababu waya wake ulikuwa ukigonga fremu. Akapunguza upepo kwenye matairi. Ilibaki kutua, na kutua hakuna grisi. Hapo ndipo mwili ulipolazimika kujifunza: gurudumu la nyuma liguse kwanza, kisha vifundo vya miguu vikubali, magoti yakubali, viwiko vikubali, mpaka uzito wote uishe njiani kabla ya kufika chini. Aliporuka kutoka kwenye kidaraja alibana pumzi. Yale ambayo baadaye yaliandikwa kuwa ni ufundi wa kupumua yalikuwa ni mtoto anayeogopa kumwamsha baba yake.

Siku chache baadaye, akiwa uani, alisikia kitu kupitia wavu wa dirisha. Tiki, tiki, tiki. Ukucha wa mkono wa kushoto juu ya chuma cha kitanda.

Aliganda juu ya baiskeli yake. Amenisikia! Mtu anayesikia gololi iliyopasuka ndani ya chuma hadanganywi kwa vijiko viwili vya grisi. Baba alikuwa akimwigizia mlio wenyewe ili amwambie: bado inalia, mwanangu, bado inanikera. Mtoto akaona aibu. Akarudi bandani, akafungua tena, akaongeza grisi. Kesho yake ukucha ukagonga tena. Akaongeza tena. Grisi ilizidi mpaka vijino vikashindwa kuuma, pedali ikateleza akiwa hewani, na jino la mbele likabaki kwenye saruji. Mama aliambiwa ni bafuni, sabuni, sakafu. Alisikitika, akampa chumvi ya kusukutua.

Mara moja tu aliingia ndani wakati ule wa kugonga. Alimwinamia baba yake na kumnong'oneza sikioni: "Sitakusumbua tena, baba. Nakuahidi." Fundi alimkazia lile jicho zima, kisha akagonga kwa nguvu zaidi, tiki, tiki, tiki, mpaka ukucha ukachanika. Mtoto akaenda kutafuta grisi nzito zaidi, ile ya magurudumu ya lori.

Ikaja siku kugonga kukakoma. Aliruka akatua, akasubiri chini ya dirisha. Kimya. Akaruka tena, juu zaidi. Kimya. Aliinua mikono yote miwili juu peke yake pale uani, kwa jinsi alivyowaona mabingwa wakifanya kwenye picha, kwa furaha ambayo hakuwahi kuipata tena popote. Hata alipokuwa mtu mzima, ukimuuliza kazi yake ilianza lini, hakutaja shindano lolote. Alitaja siku hiyo.

Fundi alifariki miezi michache baadaye, alasiri moja, katika nyumba tulivu kabisa, vile daktari alivyoagiza.

Mengine yako kwenye mikanda ya video, na mashabiki wanayajua kuliko mimi. Shindano la kwanza lilikuwa kwenye uwanja wa kiwanda kilichofungwa, rampu za mbao za kurukia zikipiga kelele kama kanga kwa kila anayepita, hadi alipopita yeye. Mwamuzi mmoja aliuliza mwenzake kama yule kijana ameshatua au bado. Kampuni ya baiskeli ikamchukua. Akalala kwenye sakafu za kumbi, kwenye viti vya vituo vya mabasi, katika nyumba za watu wasiojua lugha yake ila wanajua staili yake. Hakuoa. Akiulizwa na wazee alisema baiskeli yake haina kiti cha nyuma, na wazee hawakucheka.

Aliyekuwa naye karibu zaidi alikuwa mpiga picha wake, jitu nene lenye roho nzuri, ambalo lilipiga picha likiwa limelalia tumbo barabarani na watu wakalikimbilia wakidhani limezimia. Walimwita Jicho. Jicho alikuwa na lalamiko moja: "Mwenzako nabeba kinasa sauti cha bure. Siku moja dondosha hata funguo, nijisikie nimefanya kazi."

Na Unyoya hakuridhika na kuruka tu. Mikono ya baba yake ilikuwa ndani ya mikono yake. Aliunda viti kutokana na rimu zilizopinda, watu wakavinunua ingawa vilikuwa vinauma mgongo. Alichora kofia ngumu za wenzake. Kisha akakaa na wahandisi wa ile kampuni, akawaeleza kuhusu vijino na grisi, nao wakatengeneza kitovu cha gurudumu kisicholia kabisa na kisichoteleza. Wakakiita Unyoya. Vijana wa nchi ambazo hajawahi kuzikanyaga wakakifunga kwenye magurudumu yao, na mitaa mingi duniani ikapunguza tiki-tiki. Kila alipokutana na kijana anayepita kimya, alijiambia moyoni: baba, unaona?

Goti ndilo lililomwangusha mwishoni, na kwa aibu iliyoje! Halikuvunjika kwenye ngazi wala ukutani. Liliteguka kwenye lami yenye maji, mbele ya duka la mikate, akiwa anakwenda polepole kama mzee. Daktari alimwambia akiruka tena atatembelea fimbo. Akarudi nyumbani kwa mama, akafagia banda la Fundi na kuweka humo mitambo ya kukata na kuunga filamu. Ile baiskeli ya kwanza ilikuwa bado msumarini. Mama hakuwahi kuiuza.

Humo bandani yeye na Jicho walitengeneza filamu yake ya mwisho. Waliiita *Upande wa Pili*. Ilikuwa filamu ya baiskeli ambayo ndani yake hakuna baiskeli inayosikika: unasikia upepo, ndege, mtu akikohoa, mlango wa mbali. Sehemu ya mwisho waliipiga pale uani siku mama alipokuwa ametoka, Unyoya goti likiwa limefungwa bandeji, akizunguka tu na kupanda kidaraja kwa upole, huku kamera inatazama ukuta na kile kidirisha cha wavu. Halafu maandishi: *Kwa Fundi, aliyekuwa upande wa pili.*

Alitaka mama aione. Maisha yake yote mama hakuwahi kwenda kumtazama, hata mara moja. "Nimefua mashuka ya waliovunjika vya kutosha," ndivyo alivyosema kila mara. Lakini mama ndiye mtu pekee aliyebaki aliyekuwa ndani ya nyumba ile, na kama Fundi aliwahi kuonyesha kwa ishara yoyote kwamba alijua, alimwonyesha yeye. Unyoya hakuwahi kumuuliza. Kumuuliza kungekuwa kukiri kwamba alivunja sheria yake kila siku, na mtu anaweza kuruka ngazi za jengo zima akaogopa jambo kama hilo.

"Mama, safari hii hakuna kuruka," alimwambia. "Ni picha tu."

"Kwenye picha mifupa haivunjiki?"

"Ilishavunjika, na ilishapona."

"Haya, nitakuja. Ila nikifumba macho usinisemeshe."

Akaja ukumbini, amevaa gauni lake la heshima, mkoba mapajani, katikati ya vijana wenye suruali zilizochanika makusudi. Filamu ilipoanza alivumilia kidogo, kisha akamwinamia mwanawe na kunong'ona kwa sauti iliyofika safu ya nyuma: "Mbona hailii? Mwambie mwenye mitambo aangalie waya." Ukumbi ukaangua kicheko, Jicho akicheka kuliko wote. Mama naye akacheka kidogo, akiona haya. Lakini ilipofika sehemu ya ua aliacha kucheka. Vidole vyake viliushika mkoba na havikuuachia mpaka taa zikawashwa. Watu walisimama kupiga makofi. Yeye alibaki amekaa.

Asubuhi yake Unyoya alimkuta jikoni akiosha kikombe kilichokwisha kuwa safi.

"Ile ya mwisho," alisema bila kugeuka. "Ile ya uani. Mliigiza?"

"Hapana, mama. Ndivyo ilivyokuwa. Ukiwa kazini, mimi naishusha."

"Baba yako akiwa ndani?"

"Akiwa ndani. Nisamehe. Najua ulinikataza. Lakini kelele sikupiga, mama, niliizima kabisa. Hata jino hili halikuwa bafuni." Alijaribu kucheka. Alipoona bado hajageuka, alipiga moyo konde na kuliuliza lile swali alilolibeba kutoka utotoni. "Alikuambia chochote? Kwa ishara yoyote. Kwamba anajua niko pale?"

Mama alikiweka kikombe chini, akakaa kwenye stuli.

"Alikuwa akigonga," alisema. "Jioni nikirudi, namkuta anagonga kitanda kwa ukucha. Hivi." Akagonga meza. Tiki, tiki, tiki.

"Ndiyo, mama. Alikuwa ananiambia bado inalia. Ndiyo maana nikawa naongeza grisi."

"Nani alikuambia hivyo?"

"Hakuniambia mtu. Nilielewa mwenyewe."

"Mimi nilimuuliza," mama alisema. "Tulikuwa na utaratibu wetu. Nataja kitu, akifumba jicho ni ndiyo. Nikataja maji, siyo. Mto, siyo. Choo, siyo. Akazidi kugonga tu. Nikaisikiliza ile tiki-tiki mpaka ikaniingia, nikamuuliza, unaulizia baiskeli ya mtoto? Akafumba jicho. Mwanangu, alilifumba kwa nguvu mpaka machozi yakatoka. Alikuwa hakusikii. Alizoea kukusikia mtaa mzima, sasa hakusikii tena, na kuuliza hawezi."

Unyoya alishika ukingo wa meza. "Ukamjibu nini?"

"Ningemjibu nini zaidi ya nilichokijua? Mimi mwenyewe niliitundika. Kila jioni niliikuta msumarini. Nilimwambia, mume wangu, mtoto ameiacha, haiguswi tena, wewe pumzika. Nilidhani anaogopa usije ukaanguka na yeye hawezi kukuinua. Nilidhani namtua mzigo."

Unyoya alijua kinachofuata, lakini aliuliza, kwa sababu mtu hukishika kidonda mwenyewe.

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo hakugonga tena."

Kumbe siku ile aliyoinua mikono uani ilikuwa kesho ya jioni hiyo. Upande huu mtoto alikuwa akishangilia kwamba ameshinda, na upande wa pili, mahali ambapo kitanda kinagusa ukuta uleule, mtu alikuwa amelala akiamini kwamba mwanawe ameacha kitu alichokipenda kuliko vyote, na kwamba ameacha kwa sababu yake. Na yeye mwenyewe alimpelekea uthibitisho, akamnong'oneza sikioni: sitakusumbua tena, baba. Vikombe vyote, kile kitovu cha gurudumu chenye jina lake, mitaa yote ile iliyonyamazishwa duniani, vilianzia kwenye ukimya uliomwambia baba yake uongo. Alilia kwa sauti, mtu mzima, kichwa juu ya meza, na mama hakumbembeleza kwa sababu naye alikuwa analia.

"Wema hauozi, wanasema," mama alisema alipoweza kusema. "Mimi na wewe tulimfanyia wema mpaka ukamzika."

"Usiseme hivyo, mama."

"Nisiseme vipi? Angekusikia hata mara moja angejua uko. Mimi nilimfungia hadi redio."

Unyoya aliinuka akaenda bandani, akaitungua ile baiskeli ya kwanza. Alikaa kwenye kigoda cha baba yake, akaipindua matairi juu, akazungusha pedali. Gurudumu likazunguka kimya. Akafungua friwili. Grisi aliyoishindilia utotoni ilikuwa bado mle ndani, imekauka, nyeusi, na alama ya kidole kidogo ilikuwa imebaki juu yake. Aliitazama sana kabla ya kuigusa. Kisha akamimina mafuta ya taa kwenye bakuli na kuanza kuosha, kijino kimoja, kijino cha pili, springi zake, kwa brashi, kwa kitambaa, kwa ukucha, mpaka chuma kikawa cheupe. Akajaza upepo matairi hadi yakawa magumu kama mbao. Mama alikuwa amesimama mlangoni akimtazama. Kisha akageuka akaingia ndani.

Aliisukuma mpaka uani. Ilikuwa baiskeli ya mtoto, magoti yalimfika kifuani, na mtu angemwona angecheka. Akakanyaga mara mbili, akaacha miguu itulie. Friwili ikalia. Ililia kwa ukali uleule wa siku ilipochaguliwa mezani, tiki-tiki-tiki, ikagonga ukuta na kurudi. Alizunguka ua mara ya kwanza, mara ya pili, kisha akapanda kidaraja na, kinyume na agizo la daktari, akajirusha. Hakukunja goti, hakubana pumzi. Alitua kwa kishindo, fremu ikapiga kelele, naye akapiga kelele pamoja nayo kwa maumivu.

Kutoka dirishani alisikia kitanda cha chuma kikilia, mtu akijilaza juu yake. Mama alikuwa ameondoa mashuka yaliyokunjwa pale miaka yote na kulala mahali pa Fundi, uso kuelekea ukutani.

"Mama?" aliita.

"Zunguka," sauti yake ilijibu kupitia wavu. "Zunguka tu, baba."

Akazunguka. Tiki-tiki-tiki mbele ya ukuta, tiki-tiki-tiki mpaka mwisho wa ua.

"Inasikika," mama alisema kutoka ndani, na sauti ilikuwa imekatika. "Yote inasikika, mwanangu. Mpaka unapokata kona, inasikika."

Aliendelea kuzunguka na ile baiskeli ndogo, bila kukanyaga isipokuwa palipo lazima, ili iendelee kulia, mpaka goti lilipokataa.